Mpishi Aliyeuzwa na Meli

Nimeuzwa mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Mtu asije akadhani nilikuwa mtumwa. Enzi hizo zilikuwa zimekwisha, na Mwingereza alipenda sana kutukumbusha hilo. Iliyouzwa ni meli. Lakini kila ilipouzwa alikuja karani na karatasi kuandika vilivyomo, na mimi niliandikwa kati ya tangi la maji na jiko. Sikuona vibaya. Mwanza ile ilikuwa na watu wengi ambao hawajawahi kuandikwa popote.

Meli yenyewe ilikwisha pita mikononi mwa wengi kabla yangu. Iliundwa Ulaya, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku mpaka ziwani, ikafungwa upya, na fundi mmoja aliapa kwamba skrubu kadhaa zilibaki. Mjerumani akaitumia, kisha wakati wa vita akaizamisha mwenyewe ili Mwingereza asiipate. Mwingereza akaiibua, akaikausha, akasema ni yake. Nilipoingia mimi ilikuwa ya kampuni ya Wazungu walionunua pamba na ngozi. Kila mwenye meli alipaka bomba la moshi rangi yake na kuipa meli jina jipya, na watu wa Mwanza waliendelea kuiita jina lile lile la zamani. Hata mimi nilikuwa nasahau ni jina gani liko zamu.

Nilifika melini kwa sababu ya mguu. Nilikuwa mpagazi gatini, mwenye mke na kiburi cha kutosha watu wawili, mpaka robota la pamba lilipoteleza likaniangukia gotini. Nilipopona nikawa nachechemea, na gati halina kazi ya mtu anayechechemea. Nahodha wa ile kampuni alikuwa amemfukuza mpishi wake kwa ulevi, naye akaniajiri siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa amelewa. Safari ya kwanza tu nikagundua jambo la ajabu. Ziwa likichafuka, kila mtu anachechemea. Wao walishika kamba na kutapika, mimi nikapita katikati yao na sinia la chai bila kumwaga tone. Nchi kavu nilikuwa kilema na melini nilikuwa mtu. Ndiyo maana nilililinda jiko lile kama mali ya baba yangu.

Nahodha alitaka nyama ya nguruwe kila asubuhi. Mimi Mwislamu nikampikia kwa koleo refu, uso nimeugeuzia dirishani, nikisoma kila dua niliyoikumbuka, pamoja na moja ambayo baadaye niliambiwa ni ya kuingilia chooni. Kampuni ilipouza meli kwa tajiri Mhindi, Mwislamu mwenzangu, nilibeba vyombo vyote mpaka ufukweni nikaviosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama mwalimu wa chuo cha Kurani alivyonifundisha kuhusu najisi nzito. Jiko lilikuwa la chuma, la kuni, lenye matundu matatu, zito kama deni la mahari, na halikubebeka. Nikalisugulia pale pale, mpaka serahangi, yule Mkerewe aliyewasimamia mabaharia, akaniuliza kama nataka kulioa.

Tukala pilau. Tukala mbuzi, na Idi ikifika, ng'ombe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jiko safi kuliko yote ziwani, na hilo nilimweleza kila abiria aliyekosea akakaa karibu na mlango wangu. Majigambo hayo ndiyo yaliyoniponza.

Maana tajiri yule naye akauza, safari hii kwa Baniani mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Bomba likapakwa njano. Amri ya kwanza ilikuwa hakuna nyama melini, hakuna samaki, hakuna yai. Mabaharia wetu walikuwa Wakerewe na Wajita, watu waliojua samaki kabla hawajajua kutembea, nao walimtazama tajiri kama aliyewaambia waache kupumua. Amri ya pili ilikuwa kwamba mama yake mzazi angekuja kukagua jiko, kwa sababu angesafiri nasi kwenda Bukoba kumwona bintiye aliyejifungua.

"Wewe kaa kimya," serahangi akanionya. "Akikuuliza kitu, sema ndiyo mama, basi."

Akaja, mama mdogo wa umbo, sari nyeupe ya mjane, ndoo ya shaba mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, macho yake yalikuwa yamekwisha fika kwenye jiko.

"Safi?" akauliza.

Mtu mwenye akili angesema ndiyo mama, basi. "Mama," nikasema, "ziwa zima hakuna jiko safi kama hili. Nimeliosha mara saba, na moja kwa udongo."

"Saba? Kwa nini saba? Nani napika nini hapa?"

Nikamweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza yote, tena kwa fahari. Nikaanza na nguruwe wa nahodha na jinsi nilivyomsugua mpaka akatoka. Halafu, ili ajue jiko lilitakata kiasi gani, nikamtajia mbuzi waliochinjwa kwa bismillahi, nikamalizia na ng'ombe wa Idi. Nilipofika kwa ng'ombe serahangi alikuwa amefumba macho. Mama akarudi nyuma, pua ameiziba kwa sari. Mimi nilidhani namwonyesha jinsi uchafu ulivyotoka, kumbe kwake nilikuwa kama mtu anayefuta tope kwa damu.

Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo. Jiko lingeshushwa Bukoba, apewe yeyote asiyejali, na mpishi angeshuka nalo. Jiko jipya na mpishi wa kwao wangetoka Kisumu. Nilikuwa nimewaoshea watu uchafu wao maisha yangu yote, na sasa uchafu nilikuwa mimi. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Chini ya hasira kulikuwa na hofu, nayo ilikuwa kubwa zaidi, maana nilijua nikikanyaga gati la Bukoba na mguu ule sitapanda meli nyingine. Mabaharia walilitoa jiko, wakalifunga kamba sitahani, nami nikakaa karibu nalo.

Ilikuwa safari ya siku tatu, tukipita bandari ndogo ndogo. Mama alijipikia mwenyewe kwenye seredani yake ya makaa, nyuma ya pazia, kwa maji aliyoyachota mwenyewe kwa ndoo yake. Kutoka mkononi mwangu hakupokea kitu, hata maji. Mabaharia nao walishuka kwa wachochea moto wakachoma furu, samaki wadogo wa ziwani, juu ya kipande cha bati, mlangoni mwa tanuru. Harufu ilipopanda mama akauliza nini kinaungua. Serahangi akajibu kuwa kuni za huku ndivyo zilivyo.

Siku ya pili, adhuhuri, ziwa likachafuka. Seredani ikateleza sitahani, ikagonga ukingo, ikatumbukia majini na makaa yake, na sufuria ikafuata. Mama akaanguka kitako. Tangu hapo mpaka kesho yake mchana hakutia kitu mdomoni. Ndoo alikuwa nayo, lakini kila aliposimama kwenda kuchota, meli ilimrudisha chini. Sitadanganya, mwanzoni nilifurahi. Nilikaa juu ya jiko langu nikala mihogo nikimtazama. Halafu nikaiona midomo yake imepasuka kwa ukavu, na mihogo ikanishinda kumeza. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyelelewa.

Kumpa maji nisingeweza, asingeyanywa. Nikaenda mbele yake nikainamisha bega.

"Mama, mimi sikupi kitu. Shika hapa, uchote mwenyewe."

Akalitazama lile bega kwa muda mrefu. Meli ikainama, akashika. Tukaenda ukingoni pole pole, mguu wangu mbovu ukikubaliana na mawimbi kuliko miguu mizima ya watu wote waliokuwa pale. Akatupa ndoo kwa kamba, akachota, akanywa mpaka akahema.

"Njaa," akasema.

"Choroko unazo?"

"Choroko iko. Mchele iko. Sufuria hapana, moto hapana."

Sufuria haikuwa shida. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kijaluo anapeleka vyungu vipya Bukoba kuviuza, vyungu ambavyo havijawahi kuonja hata chumvi, na mama akajichagulia kimoja kwa mkono wake. Shida ilikuwa moto. Tanuru lilikuwa na furu, ingawa hilo sikumwambia. Lilibaki jiko langu.

Akalizunguka. Akaagiza majivu. Nikamwambia majivu hayatoshi, dawa ni udongo, na udongo ninao kwenye kopo. Akasema majivu. Nikasema udongo. Tukabishana pale sitahani, mvua inatunyeshea, abiria wanatutazama, watu wazima wawili tukigombea ni uchafu upi unaofaa kuondolea uchafu. Mwisho tukatumia vyote viwili. Yeye alisugua, mimi nikahesabu. Zilipofika saba nikamwambia inatosha, akaongeza ya nane ili kunionyesha.

Nikawasha kuni. Moto wangu aliukubali. Alisema moto haishiki uchafu. Akapika wali na choroko, akatia samli na iliki, akala akiwa amenipa mgongo. Harufu ile ilinitesa. Hakunikaribisha, na mimi sikutarajia.

Bukoba tulimkuta karani wa tajiri na wapagazi wanne wanangoja kushusha jiko. Mama akasimama mbele yake.

"Jiko nabaki."

"Na mpishi, mama?" karani akauliza.

Nilisikia moyo unagonga kwenye goti bovu. Mama akamtazama karani kama mtu aliyeuliza swali la kipumbavu.

"Sasa nani nawasha?"

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Miaka tisa mama yule alisafiri nasi kuwaona wajukuu, mara tatu au nne kila mwaka, na kila safari alipika kwenye tundu la kulia, mimi kwenye matundu mawili ya kushoto, na katikati mstari wa majivu aliouchora kwa kidole. Mimi nilipikia abiria na mabaharia maharage, biringanya, ndizi, na choroko nilizojifunza kwa kumchungulia. Yeye alinichungulia pia. Akiona natia chumvi mapema aliguna. Akiona naunguza bizari aligonga chungu chake kwa kijiko, na mimi nikaepua. Lakini hakuwahi kuonja hata mchuzi wa ncha ya kidole changu. Nilipika vizuri, nilijua napika vizuri, watu walipanda meli ile mbovu kwa ajili ya biringanya zangu, na mtu pekee niliyetaka anisifu alinipa mgongo kila mlo. Hilo liliniuma zaidi ya nilivyokubali kusema nyumbani.

Vikaja vita vya pili, na serikali ikainunua meli kubebea mizigo yake. Bomba likapakwa kijivu. Akaja karani, kaptura imepigwa pasi, soksi mpaka magotini, akaandika tangi, akainua kichwa kuniandika mimi, akaniona natembea.

"Huyu anachechemea," akasema. "Serikali haitaki kilema. Ashuke."

Serahangi akajaribu kunitetea, karani akamnyamazisha kwa kalamu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa makamo, mguu umezidi kukakamaa, na nje ya mlango ule nililiona gati, marobota, na vijana wazima wanaokimbia nayo. Nikaanza kuvua aproni.

Mama alikuwapo siku hiyo, amekuja kuchukua vyungu vyake. Alikuwa amezeeka, anapapasa ukuta akitembea. Akauliza nini kinasemwa. Serahangi akamweleza. Akaja mpaka mlangoni.

"Wewe mama unamfahamu huyu?" karani akamuuliza.

"Miaka tisa."

"Chakula chake kikoje?"

Nikaangalia sakafu. Ziwa lilikuwa limejaa watu waliokula chakula changu, na aliyeulizwa alikuwa yeye. Na mama yule hakuwa mtu wa uongo. Niliwahi kumwona akifunga siku nzima kwa sababu alimwambia mjukuu peremende zimekwisha na hazikuwa zimekwisha.

"Tamu sana," akasema. "Ziwa yote hapana kama yeye. Wewe nafukuza huyu, watu yako natapika mpaka Kisumu."

Karani akamtazama, akanitazama, akatazama saa yake. Akaniandika baada ya tangi, akaenda kuhesabu makasia. Mimi nikakaa juu ya gunia la kuni nikalia, mtu mzima, vitunguu vyenyewe sijaanza kukata vya jioni.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Mama, umesema uongo kwa ajili yangu."

Alikuwa amechuchumaa, anafunga vyungu vyake kwenye kitambaa, na hakugeuka.

"Uongo hapana," akasema. "Pua nakula miaka tisa."