Nimepima digital na mkanda kwa picha za black and white, mama akamwona marehemu baba

Wakuu, za mchana. Hili ni la juzi tu na mwili bado unanisisimka. Siongezi chumvi, nasimulia lilivyokuwa.

Mie napiga picha za harusi, naishi Segerea. Siku zote tunabishana na braza wangu Idrisa. Yeye anasema digital haiwezi kufikia black and white ya mkanda, yaani film ya zamani, hata uedit vipi. Mie nabisha.

Tukaamua kupima. Tukaenda kwa mama, Tandale, Idrisa akakaa mlangoni na shati jeupe. Nikampiga picha kwa kamera ya mkanda niliyoazima, kisha pozi lilelile kwa digital.

Mkanda nikaupeleka kusafishwa. Ile ya digital nikaitoa rangi, nikaififisha kidogo, nikaitia chengachenga kama za picha ya zamani, nikaiprinti kwenye karatasi isiyong'aa.

Hapa niwaeleze kitu. Baba alifariki mie nikiwa tumboni, Idrisa bado wa kubebwa. Baadaye mafuriko yakabeba picha zote za nyumbani. Sura ya baba sie hatuijui kabisa.

Basi tukampelekea mama picha zote mbili awe hakimu.

Akaanza na ya mkanda. "Idrisa huyu. Umependeza mwanangu."

Nikampa ya digital.

Akaisogeza karibu na macho. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Mmeitoa wapi?"

"Mama, hii ni..."

"Nawauliza, picha ya baba yenu mmeitoa wapi?"

Idrisa akachuchumaa mbele yake. "Mama, huyo ni mimi."

Mama akaangalia picha, akamwangalia yeye, akarudi kwenye picha. Akamshika kidevu kama mtoto. "Kila siku nakuona, mbona sikujua?"

Nikauliza, "Ndivyo alivyokuwa?"

"Hivihivi. Toa masikio tu."

Tukacheka huku tunalia. Mtu mzima na ndevu zangu, ndo naiona sura ya baba mara ya kwanza. Idrisa yeye alikaa pembeni na ile picha, akiiangalia. Ubishi ukaishia pale.

Nilichojifunza: ya mkanda ilitoka safi mno, na vivuli vyake laini, ndiyo maana mama alimwona Idrisa. Ya digital ndiyo niliyoizeesha kwa makusudi. Huenda tunachokiita muonekano wa mkanda ni uzee wa picha tu. Wazee wa mkanda, njooni mnipinge, na kama kuna mtu yalishamkuta ya namna hii aseme.

Picha ile ya digital ipo ukutani kwa mama sasa. Jana jirani kamuuliza ni nani yule.

Mama kamjibu, "Mume wangu. Kapigwa picha na mwanawe."

Hatujamsahihisha.