Mama wa Simu

Mpaka leo nikipanda ngazi za jengo la ghorofa nikakutana na harufu ya vyakula vya watu mbalimbali, narudi Discovery Gardens, Dubai. Ngazi za jengo lile zilinukia bizari ya Wahindi chini, samaki wa Wafilipino katikati, na juu, tulikofikia sisi, nazi na iliki, kwa sababu bibi yangu hakuamini kwamba Dubai kuna chakula, akafunga nusu ya jiko lake kwenye masanduku. Ilikuwa likizo ya Desemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami nilikuwa na miaka kumi. Tulitoka Kisauni, Mombasa, ukoo mzima: bibi, baba, mama, mimi, mdogo wangu aliyekuwa bado wa kubebwa, na binamu yangu Tima, mwenye miaka mitano na mdomo wa miaka hamsini.

Aliyetuita alikuwa shangazi Mwanaidi, dadake baba na mama mzazi wa Tima. Alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Alimwacha Tima kwa bibi kabla mtoto hajaanza kutembea, na miaka yote hiyo walikutana kwenye kisimu cha tochi cha bibi, kisichoonyesha sura ya mtu. Kila Ijumaa Tima alikumbatia kisimu kile akasimulia habari zote za mtaa, mpaka za paka wa jirani. Bibi ndiye aliyemwita “Mama”, na yule wa Dubai akampa jina la “mama wa simu”. Sisi tulicheka tu, wala hakuna aliyemrekebisha.

Basi uwanjani shangazi alikuja mbio na sare yake ya kazi, akapiga magoti, akafungua mikono. Tima alimtazama juu mpaka chini, akajificha kwenye buibui la bibi. “Huyu siye,” alisema. “Mama wa simu ni mdogo, anaenea hapa.” Akaonyesha kiganja chake. Watu wazima wakacheka kile kicheko cha kufunika aibu, na shangazi akainuka akaanza kubeba masanduku.

Dubai ilinichanganya akili, sitaki kudanganya. Niliona treni isiyo na dereva, bibi akaivutia uradi njia nzima. Niliona papa wakiogelea nyuma ya kioo ndani ya duka, na barabara safi hata ukaona haya kutema mate. Lakini kila tulipokwenda, mkono wa shangazi ulining’inia mtupu, maana Tima hakuushika. Akinunuliwa mwanasesere, alishukuru kama anavyoshukuriwa muuza duka. Baba, ambaye utani haujawahi kumtoka kwa wakati wake, siku moja alisema, “Asiyekuwepo na lake halipo, Mwanaidi.” Shangazi aliondoka mezani akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilimfuata nikidhani nitapewa kazi, nikamkuta akizungumza na bibi, aliyekuwa akimenya vitunguu. “Mkataba wangu unaisha, na madam wa hoteli ameniuliza kama nitaendelea,” alisema. “Sasa Mama, ikiwa mtoto ameshapata mama, mimi nirudi nyumbani kufanya nini? Afadhali nibaki huku niwe natuma.” Bibi alimwambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Jikoni alikuwapo pia Nyaboke, mlinzi kutoka Kisii aliyeishi chumba kimoja na shangazi, na ambaye alituachia kitanda chake akaenda kulala kwa rafiki. Akasema, “Dada, mtoto si sanduku ati utamvuta. Wacha akuje mwenyewe.” Nami nikasimama pale mlangoni nikiogopa, kwa kuwa nilimpenda shangazi yangu na sikutaka abaki.

Maneno yale hayakumtosha. Kesho yake alasiri alimkalisha Tima amchane nywele, akamshika kwa magoti asikimbie. Mtoto alipiga kelele jengo zima likasikia, akachomoka mpaka kwa bibi. “Nipigieni mama wa simu! Nataka kumshitakia!” Bibi hakujua afanye nini, akabonyeza namba kama alivyozoea. Simu ikalia mfukoni mwa shangazi, pale pale chumbani. Nilidhani atacheka, au atasema, ndio mimi huyu, mjinga wee. Aliitazama simu, akatoka nje, akaurudisha mlango taratibu. Nikachomoka nyuma yake. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kati ya harufu za watu, simu sikioni.

“Mama wa simu, kuna mtu huku ananivuta nywele,” ilisikika sauti ya Tima.

“Pole, mwanangu. Mtu gani huyo?”

“Simjui. Ana nguo za kazi.”

“Ni mbaya?”

Tima akafikiri. “Si mbaya. Mahamri yake matamu. Lakini ananitazama sana.”

Shangazi alijiziba mdomo kwa ncha ya leso, machozi yakimchuruzika. Alipopata sauti akasema, “Basi nitamwambia asikutazame sana.”

Na kweli hakumtazama tena. Sijaona mtu mzima akitimiza ahadi ngumu kama ile. Alipita karibu naye macho yakiwa kwenye ufagio, akamwekea sahani akageuka. Jioni Tima alipoomba apigiwe mama wa simu, shangazi alinawa mikono akaenda ngazini kama anayekwenda zamu. Siku zilivyosonga akaanza kusogea: akazungumzia mlangoni, kisha ukumbini nyuma ya pazia, kisha jikoni. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema, hata baba.

Ikafika jioni moja, Tima akaisikia ile sauti kwa masikio yote mawili. Aliinuka na kisimu chake, akaifuata, akamkuta shangazi ameketi kando ya sufuria ya wali, simu sikioni. Shangazi hakuinua macho. Akaendelea tu, “Haya, na leo umekula nini?” Tima alimtazama mdomo. Kisha, kisimu chake kikiwa bado sikioni, akajibu, “Bado. Wali haujaiva.” Wakazungumza hivyo, uso kwa uso, kila mmoja na simu yake, mpaka Tima akampanda mapajani ili asikie vizuri. Bibi alilia waziwazi. Wakati ule nilidhani ni furaha tupu. Sasa najua alikuwa pia akimrudisha mtoto aliyemlea.

Tulikuja tukimwomba Tima amkubali mamake, tukaondoka tukimbandua shingoni mwake. Mlangoni pa kuingilia wasafiri, alimshika mashavu akamwambia, “Mama, usirudi kwenye simu.” Shangazi hakuahidi kitu. Lakini kabla ya Ramadhani alishuka Mombasa na maboksi yake. Madam alikuwa ameambiwa khalas, imetosha.

Siku hizi simu zina sura. Mimi nafanya kazi Nairobi, na kila jioni namwona mama yangu kiganjani, mpaka mikunjo mipya ya macho yake. Nashukuru, ila nashangaa jinsi tunavyotazamana sana na kusogeleana kidogo. Katika yote niliyoyaona Dubai, kilichobaki kikubwa machoni pangu ni yule mwanamke aliyekaa ngazini akimngoja mwanawe.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu Kisauni. Tima, ambaye sasa amempita mamake kwa kimo, alikuwa amegombana naye, akajifungia chumbani. Tukawa jikoni, shangazi akikuna nazi, simu yake ikalia. Alisoma jina, akatazama ule mlango uliofungwa hatua chache kutoka pale, akapangusa mikono.

“Haloo,” alisema. “Mama wa simu hapa. Nani amekuudhi?”