Madam Kiraka na Mkono wa Kushoto

Kwa Merlinda Gumban hakukuwa na habari njema kama ya mwalimu mwenzake kupata mimba. Usimfikirie vibaya. Cheti cha ualimu alikuwa nacho, ajira hakuwa nayo, na shule za huku kwetu milimani zilimwita pale tu mwenye nafasi alipokwenda kujifungua. Mzazi akitoka, Merlinda anaingia. Mzazi akirudi na kitoto begani, Merlinda anatia chaki zake mkobani na kushuka zake kilima. Watu wakambandika jina la Madam Kiraka, kama yule mchezaji anayepangwa popote palipo na pengo, naye akalipokea bila kinyongo.

Kila mtoto aliyezaliwa kwa mtindo huo, mama yake wa ubatizo alikuwa Merlinda. Ilishakuwa desturi, walimu wenyewe waliona ni haki yake. Ikifika Krismasi watoto hao wanajipanga mlangoni kwa Merlinda, wamepakwa poda mashavuni, wanasubiri zawadi. Mama yake, Nay Consing, muuza ibos sokoni, huwagawia kila mmoja kijiti cha wali wake wa kunata uliofungwa kwa jani la mnazi, huku akimsema binti yake.

"Inday, mwanangu, wenzio wanazaa, wewe unalea. Lini utapata cha kwako?"

"Mtoto au kazi, Mama?"

"Chochote kitakachotangulia! Mimi sichagui."

Lakini alikuwa anachagua. Kabatini, katikati ya vidonge vya kufukuzia nondo, alikuwa ameweka kitambaa cha sare ya walimu wa kudumu. Alikinunua mara ya kwanza Merlinda alipoomba nafasi, akakosa. Serikali ikabadilisha sare, Nay Consing akanunua kingine, binti akakosa tena. Merlinda alikijua kitambaa hicho na hakupenda kukiona. Kila Jumatatu, bendera ikipandishwa, walimu wa kudumu husimama mstari mmoja ndani ya sare yao, na yeye husimama mwishoni, karibu na vyungu vya maua, katika blauzi nyeupe. Aliimba wimbo wa taifa kwa sauti kuliko wote, maana kuimba hakukuhitaji sare.

Basi mwaka huo Madam Nimfa, mwalimu wa darasa la nne hapa kijijini Igtalisay, akaenda likizo ya kujifungua, na Merlinda akashika darasa lake. Wiki chache baadaye mwalimu mmoja mkongwe akastaafu. Nafasi moja ya kudumu ikawa wazi, katika shule aliyosoma Merlinda mwenyewe, kijijini kwake. Waombaji wakamiminika kutoka bondeni, wengine na shahada za pili, wengine na mashine za kuonyesha picha ukutani. Kila mmoja angefundisha somo moja mbele ya jopo la wakaguzi, na mshindi angechukua nafasi. Merlinda alijua kwamba akikosa na hii, umri wake ungeanza kumwandama. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wakala wa mjini anayepeleka watumishi wa ndani Hong Kong. Mama hakuambiwa.

Alikwenda kumwona Madam Nimfa, akamkuta amejilaza kwenye machela ya kamba, tumbo juu, anakula embe bichi kwa chumvi.

"Sikiliza, Merlinda," Nimfa akasema. "Darasa ukilifahamu, umeshinda. Waambie hivi: nikiuliza swali, wote mnyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Wewe unaita wa kulia tu. Wakaguzi wanaona msitu wa mikono, basi!"

"Si udanganyifu huo?"

"Udanganyifu gani? Wewe ulipata nafasi lini kwa ukweli wako?" Nimfa akacheka mpaka machela ikayumba. "Kila mwalimu unayemwona na sare kapitia hapo. Hata mimi. Hata mkuu wako."

Merlinda alicheka pia, na njiani alijishawishi. Ni kweli, kila mtu alifanya hivyo. Kesho yake akalifundisha darasa mchezo ule. Watoto waliupenda kupita kiasi, wakawa wanajizoeza hata uwanjani. Efren, bingwa wa hesabu, mkono wake wa kulia haukushuka kamwe. Rodelyn Gasapo ndiye aliyekaa siku zote na wa kushoto.

Rodelyn hakuwa mjinga, hilo nataka lieleweke. Wazazi wake ni wakata miwa. Msimu ukifika wanavuka bahari kwenda mashamba ya Negros na mtoto wao, wanalala kwenye mabweni ya vibarua, na wakirudi mwaka wa shule umeshafika katikati. Wenzake wameshayapita mengi, yeye anayaona kwa mara ya kwanza. Hakulalamika. Alikaa dirishani, magoti yana makovu ya majani ya miwa, akaandika kila kitu hata asichokielewa.

Siku ya mazoezi ya mwisho alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Madam, nikinyoosha wa kushoto hutaniita?"

"Sitakuita. Usiogope."

"Siogopi." Akafikiri kidogo. "Na siku nyingine, nikiwa bado sijui, nitaitwa lini?"

Merlinda akaanza kukusanya chaki zake. Alimwambia aende nyumbani, jua linazama. Usiku ule hakuonja chakula, na mama yake alidhani ni woga wa wakaguzi.

Siku yenyewe Nay Consing aliamka kabla ya majogoo. Alipika ibos za jopo, akamwokea binti yake mikate miwili ya mchele, ile ya mviringo, ya kufundishia hesabu za sehemu. Akaipeleka yeye mwenyewe shuleni, halafu akakataa kuondoka. Alisimama nje ya dirisha na kapu kichwani, anajifanya anauza.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao, Sir Baldomero Tupas, alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi, na sifa yake ilimtangulia: hakuwahi kuonekana akitabasamu kazini. Mwombaji aliyetangulia, kijana wa bondeni, alikuwa amewaonyesha sinema nzima ukutani. Merlinda akapiga moyo konde, akaingia na mikate yake.

Somo lilianza vizuri ajabu. Kila swali, mikono yote juu. Aliita wa kulia, jibu likatoka kama maji ya bomba. Efren alijibu, akajibu tena. Mkaguzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, akaandika kitu. Nje ya dirisha kapu la Nay Consing lilikuwa likitikisika kwa furaha. Ilibaki kidogo tu. Kitambaa kile kilikuwa njiani kwenda kwa fundi.

"Theluthi moja na robo moja," Merlinda akauliza, "ipi kubwa?"

Mikono yote ikapanda. Akawatazama. Efren alikuwa karibu kuruka kutoka kitini. Na kule dirishani, mkono wa kushoto wa Rodelyn ulikuwa umenyooka sawasawa, wima, wa mtu anayetimiza alichoagizwa na hategemei kitu. Merlinda akauona mkono ule, na nadhani alijiona mwenyewe pale karibu na vyungu vya maua, miaka nenda miaka rudi, akiimba kwa sauti kubwa.

"Rodelyn," akasema.

Darasa likashtuka. Msichana mmoja wa mbele akashindwa kujizuia.

"Madam, umekosea! Huo wa kushoto!"

Mkuu wa shule, aliyekaa nyuma na jopo, akaangalia dari. Nje, kapu la Nay Consing likaacha kutikisika. Neno lilikwisha kumtoka Merlinda na hakutaka kulirudisha.

"Sijakosea," akasema. "Rodelyn, simama, mwanangu."

Rodelyn akasimama. "Robo, Madam. Nne ni kubwa kuliko tatu."

Watoto wawili watatu wakaguna. Merlinda hakusema amekosa. Alimwita mbele, akamkabidhi kisu.

"Huko Negros, chakula mlikuwa mnagawana wangapi?"

"Watatu. Mimi, Baba na Mama. Halafu akaja mjomba."

"Haya. Mkate huu ni kabla ya mjomba. Huu ni baada ya mjomba. Tukatie."

Rodelyn alikata polepole, ulimi nje. Mikono yake ilikuwa midogo, lakini kisu alikijua. Alipomaliza akachukua kipande kutoka kila mkate, akaviweka viganjani, akavitazama kwa muda mrefu. Kengele ikalia. Somo lilikuwa halijafika mwisho, maswali ya kumalizia hayakuulizwa, chati aliyoichora kwa siku kadhaa ilikuwa bado imekunjwa ukutani. Hakuna mtoto aliyeinuka.

"Ah! Ya watatu ndiyo kubwa, Madam!" Rodelyn akasema, na akaanza kucheka. "Mjomba alipokuja nililala njaa! Theluthi kubwa! Robo ni ya mjomba!"

Darasa zima likapasuka kicheko. Merlinda naye akacheka, machozi yanamlenga, na katika miaka yake yote ya kushikia viti vya watu hakuwahi kujiona mwalimu kama dakika ile. Sare asingeipata, alijua, lakini alijivuna waziwazi na wala hakujificha.

Watoto walipotoka, jopo likabaki naye. Sir Baldomero alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Madam Gumban, mchezo wa mikono nimeufundisha mimi, wewe bado hujazaliwa," akasema. "Nilidhani nauona kwa raha zangu, mara ukaniharibia. Wa kulia walikuwa wamejaa. Kwa nini ulimwita wa kushoto?"

Merlinda alikuwa ameandaa majibu ya maswali mengi. Hili halikuwamo.

"Wa kulia walikuwa wanajua tayari, Sir."

Mzee alinyoosha mkono kwenye sahani ya ibos, akaanza kuvua jani taratibu, akala kijiti chote, akachukua kingine. Hakutabasamu. Merlinda akaaga, akatoka, akamkuta mama yake ukumbini.

"Umeniua, Inday," Nay Consing akasema. "Ulikuwa umeshinda. Umeshinda kabisa! Kilichokutuma kumwita yule mtoto ni nini?"

"Alinyoosha mkono, Mama."

Nay Consing akamtazama, akavuta pumzi ndefu, akajitwika kapu lake. Wakashika njia ya nyumbani. Karibu na kisima mama akasimama.

"Alikata vizuri lakini yule mtoto," akasema. "Vipande sawasawa. Mimi mwenyewe sikati hivyo."

Merlinda akamshika mkono, akamweleza habari za wakala wa Hong Kong. Mama alilia kidogo, akasema basi, kama ni kwenda, utakwenda. Kitambaa atakishona pazia.

Madam Nimfa alijifungua mapacha, wote wa kike, na Merlinda akawa mama wa ubatizo wa wote wawili. Nimfa aliporudi kazini, Merlinda alikwisha kutia chaki mkobani. Alikuwa anafuta ubao kwa mara ya mwisho mkuu wa shule alipoingia mbio, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Acha kufuta! Matokeo yamebandikwa wilayani. Ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Wa kwanza! Nafasi ni yako! Utaanza Jumatatu, na darasa la nne tumelikata mara mbili, nusu yako nusu ya Nimfa."

Merlinda alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu. Nimfa ndiye aliyepiga yowe, nalo likasikika mpaka sokoni, maana Nay Consing aliacha kapu lake wazi na kwenda moja kwa moja kwa fundi. Fundi alimwambia kazi ya siku tatu. Mama akakaa mlangoni kwake mpaka ikaisha kwa mbili. Sare ilikuwa na harufu ya dawa ya nondo kutoka kola hadi pindo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatatu bendera ilipandishwa. Merlinda alisimama katikati ya mstari. Siwezi kusema aliimba vizuri, sauti ilimkatika mara kwa mara, lakini nje ya uzio mama yake alimwimbia zile sehemu zilizobaki, na sisi tuliokuwapo tulivimba vichwa kana kwamba nafasi ni yetu. Na kwa nini isiwe yetu? Madam Kiraka ni wa kwetu.

Akaingia darasani, akaandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa, mara ya kwanza bila jina la mtu mwingine juu yake. Kisha akauliza swali lake la kwanza kama mwalimu wa kudumu, swali jepesi tu la kujumlisha.

Mikono yote ikapanda, na yote ilikuwa ya kushoto. Hata wa Efren, aliyekuwa akijikaza asicheke.

"Nyie!" Merlinda akasema. "Hakuna anayejua?"

"Tunajua, Madam," Efren akajibu. "Lakini siku hizi unaita wa kushoto."

Ndipo akamwona Rodelyn, kule dirishani. Alikuwa amenyoosha mikono miwili.

"Na wewe, Rodelyn? Ndiyo nini hiyo?"

"Kidogo najua, Madam," Rodelyn akasema, "kidogo sijui."

"Njoo mbele," mwalimu akamwambia, akampa chaki.