Mtafiti anayejulikana duniani kwa jina la "Wenzake"

Saa nne asubuhi umeme unakatika, na ghorofa nzima inageuka soko. Milango inabamizwa, watafiti wanapishana na ndoo za barafu kuokoa vilivyomo kwenye majokofu yao. Katika chumba cha mwisho, mwanamke aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu anamimina chai.

"Kaa, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Waliosoma makala yetu hawakimbii."

"Na hawa wanaokimbia?"

"Hawa wameinukuu. Kusoma ni kazi nyingine."

Mtafiti huyu wa biokemia ameandika makala kumi na tisa tu katika maisha yake ya kazi. Wapo jirani zake wenye mia. Lakini moja kati ya hizo, yenye kurasa mbili, imenukuliwa na watafiti wenzake zaidi ya mara elfu nne, kutoka nchi ambazo yeye mwenyewe anazijua kwenye ramani tu.

Ili aeleweke, anafungua kabati. Nyuma ya kopo la majani ya chai anatoa kichupa chenye ukubwa wa kidole kidogo. Kilifungwa miaka tisa iliyopita. Ndani mna unga mweupe, haba kuliko chumvi ya kuonjea.

Ni kimeng'enya, protini inayotumika kupima damu ya watoto wachanga. Kwa kawaida, kikitolewa kwenye barafu huharibika kama samaki juani. Hiki kimekaa na majani ya chai.

Anadondosha maji, kisha tone la dawa ya kupimia. Halafu, kutoka chini, rangi ya njano inaanza kupanda taratibu mpaka kichupa chote kinang'aa kama kiini cha yai. Mwandishi anajikuta amesimama, chai imepoa mkononi.

"Kimeamka," anasema fundi wa maabara akiwa kwenye sinki, akiosha vyombo. Amelisema neno hilo miaka nenda miaka rudi, na bado analisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Siri ni sukari, na sukari iliingia kwa makosa. Zamani, kabla ya sikukuu, fundi alikamata chupa ya maji ya sukari ya kulishia bakteria akidhani ni maji ya kuhifadhia vimeng'enya. Umeme ukakatika, trei yake ya vichupa ikakauka juani dirishani. Waliporudi, kila kitu kilikuwa kimekufa isipokuwa vichupa vyake.

"Akaniuliza, 'Fundi, uliweka nini?' Nikasema, 'Kama kawaida, Daktari,'" anasimulia. "Niliogopa kazi yangu. Miezi minne tunarudia, hatupati kitu. Mwishowe nikaona, huyu mama atazeeka bure kwa ajili ya uongo wangu. Nikasema."

"Nilitaka kumpiga," anadakia Daktari. "Nikamkumbatia."

Siku hiyo ikazaliwa sheria ya chumba hiki: aliyekosea kosa lililozaa matunda, jina lake linatangulia. Na kwa kuwa makala ya waandishi wengi hutajwa kwa jina la wa kwanza, wengine wakifungwa furushi moja la "na wenzake", dunia inamnukuu fundi.

"Mimi ndiye 'wenzake'," anasema Daktari, akicheka mpaka miwani inashuka.

Kicheko hicho kina gharama. Anakaribia miaka sitini, na asipopandishwa kuwa profesa atastaafu na chumba kitagawiwa wengine. Kamati itakayokaa Ijumaa huhesabu makala ambazo jina la mwombaji linatangulia. Mjumbe mmoja alimshauri aandike kwamba mpangilio wa majina ulikosewa.

Fundi alijitolea kutia saini. "Nilimwambia, 'Daktari, jina langu limeshazunguka dunia bila tiketi, linatosha.'"

"Nami nikamwambia aoshe vyombo," anajibu Daktari. "Shangazi aliyenilea alikuwa mshonaji. Kitambaa akikikata vibaya alimwambia mteja kabla hajauliza. Nikiuza ukweli wa fundi ninunue cheo, nitakikalia vipi?"

Hata hivyo makala nyingine inaiva. Wiki mbili zilizopita aliacha kichupa karibu na jiko akasahau, na kilichotokea hataki kukitaja mpaka fundi akirudie kwa mikono yake. Ijumaa haitakisubiri.

"Safari hii nimekosea mimi," anasema kwa fahari. "Jina langu mbele."

"Hongera, Daktari," anasema fundi. "Ukifika huko juu, usitusahau sisi wenzako."

Umeme unarudi. Ukumbini watu wanashusha pumzi. Daktari anafunga kichupa kipya, anaandika tarehe, anakisukuma nyuma ya kopo la chai. Anapanga kifunguliwe miaka mitano ijayo.

"Wakinipa uprofesa, nitakuwepo kukifungua," anasema. "Wasiponipa, atakayekikuta atie maji tu. Kitaamka."