Yamaha Nyekundu ya Getruda

Asubuhi ile mke wangu Getruda aliamka kabla yangu, kama kawaida yake. Nilimkuta uani kwenye kigoda, miguu imevimba, anasugua rimu ya pikipiki kwa majivu na kipande cha gunia. Chai alikuwa ameshaipika.

"Basi la Handeni linakusubiri wewe, Mdoe?" akaniuliza.

"Nimeamka, bi mkubwa."

"Umeamka macho. Miguu bado imelala."

Nikanywa chai nimesimama. Nilikuwa nakwenda kuchukua kabureta kwa Mzee Semboja, muuza spea za zamani. Getruda alimtafuta kwa simu mpaka akampata. Kabureta yenyewe ya Kijapani. Ndiyo iliyokuwa imebaki, pikipiki iwake.

Nilipofika mlangoni akaniita, akasema neno. Nikacheka, nikaenda.

Niliporudi jioni uani kulikuwa na watu. Jirani yetu Hajira alinishika mkono kabla sijauliza. Moyo wa Getruda ulisimama akiwa palepale kwenye kigoda. Majivu yalikuwa bado vidoleni.

Getruda alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge hapa Korogwe. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akafia hapa. Yeye akasomea ukunga. Zahanati aliyofanyia kazi ilimpa pikipiki, Yamaha nyekundu, ili avifikie vijiji vya juu, Mpale na kwingineko. Wanaume walimcheka, mwanamke amepanda chuma. Wake zao wakishikwa uchungu walikaa barabarani kusikiliza kama inapanda.

Mimi nilikuwa mkata mkonge. Shule sikwenda. Mara ya kwanza kumwona alikuwa amezama matopeni na pikipiki yake. Nikaenda kusukuma. Hakusema asante. Alisema, "Shika nyuma, taa utaivunja."

Alipokea watoto wa watu mpaka wakakua, wakawa wanamwamkia njiani hawajui wanamwamkia nani. Wa kwetu walizaliwa. Hawakukaa.

Zahanati ilipopata gari, pikipiki ikatupwa nyuma ya stoo. Kuku wakatagia kwenye kiti. Miaka ikapita. Getruda alipostaafu akaiomba, wakampa. Waliona amewaondolea takataka.

Akasema itarudi kama ilivyotoka Japani. Nikadhani ni maneno. Tulitia kokoto ndani ya tangi tukatikisa, yeye upande huu, mimi ule, kutu ikatoka kama ugoro. Madigadi ya plastiki aliyakataa. Nikayanyoosha yale ya bati kwa nyundo juu ya gogo. Siku ya rangi alifungua kiti akanionyesha chini yake, mahali pasipopigwa jua.

"Nyekundu ni hii. Usiniletee ile ya bodaboda."

Moyo ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike. Alipumzika akiwa ameshika msasa.

Godlisten, fundi pikipiki wa hapa Masuguru, alikuja kutusaidia injini. Akamwambia, "Mama, funga injini ya Kichina, kesho unaendesha."

"Na wewe tukufunge moyo wa mbuzi?"

Godlisten akachukua spana, akaifungua ileile.

Kitu kimoja kilikosekana kabisa, pampu ya oili. Pikipiki za siku hizi zinakunywa petroli tupu. Hii inataka petroli yenye oili ndani, bila hivyo pistoni inakauka, inagandia ndani, injini inakufa. Pampu ndiyo iliyokuwa ikichanganya, nayo ilikufa kwa uzee. Basi Getruda akachanganya mwenyewe kwenye dumu la njano, akaliweka chini ya meza, lingoje siku ya kuwasha.

Tukamzika. Mdogo wake, Yordani, alikuja kutoka Handeni. Tulipotoka makaburini akatembea karibu yangu.

"Shemeji, ile pikipiki ni ya kwetu. Dada hakuacha mtoto."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mke asiye na mtoto, vitu vyake vinarudi kwao siku ya kumaliza matanga.

"Utaifanyia nini?"

"Nang'oa injini. Nafunga ya Kichina, napiga bodaboda."

"Ikiwaka yenyewe je?"

Akaniangalia. "Ikiwaka mbele ya wazee, na iwe yako, sitaigusa. Lakini ile imekufa, shemeji. Tusidanganyane."

Nikamwita Godlisten. Matanga yote tulifunga kabureta, tukakaza nati, watu wakiwa wamekaa uani. Wengine walinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa, mkewe hajapoa anacheza na vyuma. Niliwasikia.

Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa kwenye mikeka. Vitu vya Getruda vikatolewa nje. Magauni, vitenge, redio, mkoba wake wa ukunga. Nikaisukuma pikipiki hadi katikati. Ilikuwa inang'aa. Nikatoa dumu chini ya meza. Lilikuwa zito, limejaa, kama alivyoliacha. Nikamimina.

Godlisten akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena. Ikawaka.

Sauti ilikuwa ileile. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Bibi mmoja wa Mpale akasimama akapiga kelele, "Huyo! Getruda huyo anapanda!" Yordani akavua kofia.

Godlisten akazidi kuvuta mafuta, anacheka. "Mzee Mdoe, ona! Haitoi hata moshi! Kama imetoka dukani leo!"

Haitoi moshi.

Ya Getruda ilitoa moshi wa bluu maisha yake yote. Oili ndiyo inayotoa moshi ule.

"Zima!" nikamwambia. "Zima, Godlisten!"

Hakunisikia kwa vigelegele. Injini ikapiga yowe, chuma juu ya chuma, ikaganda. Pakawa kimya. Godlisten akakanyaga kiki kwa mguu wote. Haikushuka.

Hajira akaja mbele, mikono kichwani. Akaangalia dumu, akaniangalia mimi.

"Mzee Mdoe, lile dumu ni mimi. Siku ya msiba kuni zilikuwa mbichi, mvua ilinyesha. Nilichukua mafuta nikawashia moto wa watu. Nikasema kitu cha nyumba yenye msiba hakichukuliwi hivi hivi. Nikaenda sheli, nikalijaza petroli. Nimelirudisha limejaa, mzee. Kweli nimelirudisha."

"Najua, mwanangu."

"Kumbe yalikuwa na nini?"

Angejuaje? Hata mimi ningerudisha vilevile.

Yordani hakucheka. Alichuchumaa, akaigusa injini, ikamuunguza, akatoa mkono.

"Shemeji, umeona."

"Nimeona."

Mzee Enock, aliyeongoza msiba, akakohoa. "Mdoe, kabla haijaondoka. Marehemu aliacha neno lolote juu ya chuma hiki?"

Nikasema aliliacha, asubuhi ileile, mimi nikiwa mlangoni. Nikawaambia kama alivyolisema, sikuongeza. Mzee Enock akamtazama Yordani. Yordani akavaa kofia yake. Kisha akakusanya magauni na redio, akafunga kwenye shuka. Pikipiki akaiacha.

Ipo ndani, upande aliokuwa analala Getruda. Godlisten anasema pistoni imeungana na silinda, na za namna ile hazipo tena, Handeni wala popote. Naisugua kwa majivu asubuhi. Inang'aa. Kiki haishuki.

Neno lenyewe lilikuwa hili:

"Kalete hiyo kabureta, Mdoe. Na nikitangulia mimi, pikipiki isitoke humu, maana hutabaki na mtu wa kukupigia kelele."