Maganda Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Nilitoka Bungoma na jembe, shule sikumaliza, na leo shamba hili la mahindi hapa Kitale ni langu. Bunduki ya kufukuzia nyani pia ni yangu, ina leseni. Risasi mbovu ikilipukia ndani yake, uso utakaopasukiwa ni wangu, kwa hivyo simwamini mtu.

Juzi jamaa wa Kapsokwony aliniletea mfuko wa maganda ya risasi za shotgani.

"Mzee, haya yamepigwa mara moja tu. Unajaza baruti tena."

Nikachukua moja. Kitako cha shaba kiling'aa kama sufuria ya harusi. Nani husugua ganda kwa jivu kama hafichi kitu? Nikabinya mdomo wake wa plastiki. Nta ya mshumaa ikabanduka, ufa ukaonekana ukishuka hadi kwenye shaba.

"Ni mkwaruzo tu, bana."

"Sawa. Tulijaze hili, upige wewe. Mimi nitasimama nyuma ya ghala."

Akacheka peke yake, kisha akafunga mfuko na kuita pikipiki.

"Unayapeleka wapi?"

"Naitiri. Kuna mzee mwingine anayataka."

Nikamnyang'anya ule mfuko, nikayapasua maganda yote kwa panga mbele yake.