Kamera Mbili za Mama Doreen

Kamera ya Kibwana ilimfia huko Mikese, harusini, bibi harusi akiwa ameinua mkono kumlisha mumewe keki. Ilitoa mkwaruzo mmoja, kama kijiko kwenye sufuria tupu, ikanyamaza. Kibwana aliendelea kuibonyeza huku akitabasamu, maana mpiga picha akionyesha wasiwasi, harusi nzima huingiwa na wasiwasi. Wageni walikuwa wametoa simu zao, wakipiga picha wenyewe. Mpaka pilau linaliwa, hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba mpiga picha wa kukodiwa hapigi kitu. Hilo lilimuuma kuliko kufa kwa kamera.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, Mluguru wa Kinole, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kimo chake. Kazi nyingine hakuijua. Alianza zama za filamu, akavuka salama hadi kamera za kadi, na sasa simu za mkononi zilikuwa zimemla mpaka kwenye mfupa. Alichobakiwa nacho ni picha za pasipoti, mahafali ya vyuo, na wazee wachache wanaoamini kwamba picha isiyotundikwa ukutani si picha.

Aliishi Morogoro mjini, chumba kimoja cha kupanga, peke yake. Usidhani hakuwahi kuwa na nyumba. Aliijenga Kinole, juu mlimani, kwa mikono yake, akaizungushia mikarafuu na midalasini, akakaa humo na mkewe Mwanaidi miaka thelathini. Lakini udongo ulikuwa wa ukoo wa Mwanaidi, na kwa Waluguru udongo hufuata upande wa mama, na watoto pia. Mwanaidi alipofariki, arobaini ikasomwa, ikapita. Hakuna aliyemfukuza Kibwana. Wala hakuna aliyemwambia neno baya. Ila kila jamaa aliyekuja kutoa pole alimuuliza kwa upole mno, "Sasa shemeji, unashuka lini?" Mtu akiulizwa hivyo mara kumi na mbili huelewa. Alishuka na begi la nguo, redio, na lenzi yake moja ya zamani ya milimita hamsini aliyoifunga ndani ya kitambaa cha kilemba. Binti zake wawili walibaki mlimani kwa mjomba wao, kama ilivyo haki yao, na walimpigia simu siku za Idi.

Watu humwonea huruma mtu anayelala njaa. Anayekula peke yake hawamwoni. Kibwana alikuwa akiwasha redio wakati wa chakula ili pawe na mtu anayezungumza.

Wiki moja baada ya Mikese aliona karatasi ukutani karibu na lango la chuo cha Mazimbu, imeandikwa kwa mkono mzuri wa kiutu uzima: Kamera mbili, kuukuu lakini nzima. Nauza moja. Akapiga ile namba.

Mwenye kamera alikuwa Editha, mstaafu wa maktaba, ambaye majirani walimwita Mama Doreen kwa jina la bintiye aliyekuwa akiishi Mwanza. Mjane wa miaka miwili. Mumewe alikuwa mwalimu wa chuo, na mwalimu huyo alipenda ndege wa milima ya Uluguru kiasi cha kusahau kula. Kamera zote mbili alizinunua yeye.

Editha alizileta kibarazani juu ya sinia, kama mtu anayeleta chai.

"Bei ni ileile kwa zote," alisema. "Chukua utakayoipenda, nyingine itabaki na mimi. Mbili za nini kwa mtu mmoja?"

Zote zilikuwa Nikon. Ya kwanza, D90, ilikuwa nzito, nyeusi iliyochujuka, mpira umebanduka pale kiganja kinaposhika. Hiyo ndiyo aliyopanda nayo mlimani marehemu. Ya pili, D3100, ilikuwa ndogo, nyepesi, safi kama sahani ya wageni.

"Hii alininunulia mimi," Editha alisema akiigusa ile ndogo kwa ncha ya kidole. "Alitaka tuwe tunakwenda wote kutafuta ndege. Nilikwenda siku moja, nikateleza kwenye matope, nikamwambia basi, nenda mwenyewe. Akawa anakwenda mwenyewe."

Kibwana aliipokea ile ndogo kwa mikono miwili. Alizoea kunyamaza watu wanapozungumza mbele ya kamera.

Akaanza kuzikagua. Alipiga mlima kwa hii, akapiga mlima kwa ile. Alipiga kamba ya nguo, majani ya mwarobaini, paka wa jirani. Kisha akakwama. Kazi yake ni nyuso za watu, na kamera ya nyuso huwezi kuijua kwa kupiga paka. Ilibidi apate mtu wa kukaa, naye hakuwa na mtu wa kumwambia njoo ukae.

"Mama, samahani. Ungekaa hapo kwenye kiti, mwanga ukupate upande huu?"

"Mimi? Na nywele hizi?"

Lakini alikaa. Alikaa wima, mikono magotini, kama watu wa zamani walivyokaa mbele ya kamera. Kibwana aliinama kuchungulia, na uso ule ukamjaa kwenye tundu dogo, ukimtazama, ukimsubiri aseme. Miezi mingapi ilikuwa imepita tangu mtu amtazame akimsubiri aseme? Alisahau kubonyeza, akasingizia mwanga.

Akasema atarudi kesho, hajaridhika.

Kesho yake ndipo Editha alipouliza. "Hivi wewe ni mtu wa wapi?"

"Mluguru. Wa Kinole."

Editha alipiga makofi. "Ala! Mtumwa wangu huyu! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Kumbe siku mbili namkaribisha mtumwa wangu kwenye kiti!"

"Mtumwa nani?" Kibwana alisema, na sauti yake ndogo ikapata nguvu ambazo mwenyewe hakuzitarajia. "Babu zako walipita hapa na meno ya tembo kichwani, ndimi nje, wakituomba maji. Tungewanyima, wewe ungezaliwa na nani?"

Alicheka yule mama mpaka akashika ukuta. Utani wa Wanyamwezi na Waluguru ni wa siku nyingi, na kazi yake ni hiyo: watu wawili wasiojuana jana, leo wanatukanana kama walionyonya ziwa moja. Sheria yake ni moja. Haruhusiwi mtu kununa.

Basi Kibwana akawa anakwenda kila siku baada ya swala ya Alasiri. Leo alisema anataka kujaribu betri. Kesho anataka kuona rangi ya ngozi jua linapoelekea kuzama. Siku nyingine ni kadi, siku nyingine ni flashi. Baada ya kupiga walikaa mbele ya kompyuta ya marehemu, kiti kwa kiti, wakikuza picha mpaka zikaonekana kope za Editha moja moja. "Hii kamera ina chuki," alisema Editha. "Imehesabu mikunjo yote." Kisha chai ya tangawizi, na matusi ya utani, na habari za Doreen, na habari za ndege ambao Editha alijua majina yao yote ila hakuwahi kuwaona. Kibwana alisema mkewe alifariki. Hakusema zaidi. Habari za Kinole aliziweka moyoni, kwa sababu mtani akizijua atazifanyia mzaha.

Majirani walimzoea. "Yule mteja wa kamera," walisema. Mteja hana maneno. Mwanamume asiyenunua kitu anayeingia kila siku kwa mjane, huyo ana maneno. Kibwana alilijua hilo vizuri.

Nami nitawaambia jambo ambalo Mama Doreen hakulijua: tangu siku ya pili mtu huyu alikwishapata jibu. Aliifungua lenzi yake ya zamani kutoka kwenye kilemba, akaivisha kwenye D90, na kamera ikaizungusha lenzi yenyewe, krr, krr, ikamletea picha ya uso wa Editha, kali kama wembe. D90 ina mota ya kuzungusha lenzi za zamani. D3100 haina. Akiivisha ile ndogo, ilimlazimu azungushe kwa mkono na kuamua kwa jicho, na jicho la miaka hamsini na tisa si la kuamua tena. Picha saba katika kumi zilitoka na ukungu. Mpiga picha yeyote angesema chukua D90, nenda zako, usitafute mchawi.

Lakini kila alipomaliza na D90 na kuirudisha kwenye sinia, Editha aliichukua, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaipakata. Aliongea huku kidole gumba kimetua pale mpira ulipobanduka. Ile ndogo aliiacha kwenye sinia. Hakuwahi kusema, niachie hii. Alikwisha kusema kwamba mteja atachagua, na alikuwa mtu wa kushika neno lake.

Siku ya tisa Kibwana alifika amenyoa ndevu. Alipiga picha mbili tatu zisizo na maana. Editha alikuwa akimenya tangawizi.

"Mtani," Editha alisema, "nilinunua shamba kwa muda mfupi kuliko huu. Unanunua kamera au unaposa?"

Sijui ni nani angeweza kuliacha neno kama hilo lipite. Kibwana aliweka kamera chini. Moyo ulimwenda mbio, akaona aibu moyo wa mzee kwenda mbio hivyo.

"Mama Doreen, kamera niliijua siku ya pili. Siku zote hizi nakuja kukaa na wewe. Kule kwangu hakuna mtu. Niruhusu niwe nakuja hata bila kamera. Na kama moyo wako utakubali, tuzeeke pamoja, nitakuoa kwa heshima zote."

Editha alimtazama, kisu kimesimama kwenye tangawizi. Kisha kicheko kikampasuka.

"Uuuwi! Jamani Mluguru! Ameona baraza, ameona kiti, sasa anataka kuhamia! Nyie si ndio mnaokwenda kukaa kwenye shamba la mke, mke akifa mnafungashwa virago mnarudi kwa mama zenu? Nenda huko! Hapa kwa Mnyamwezi hupati hata pa kutundika kofia!"

Alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa nyuma ya mkono wenye tangawizi, yakazidi.

Huo ulikuwa utani mzuri. Ungeusikia ungecheka na wewe. Kibwana alihisi kama mtu aliyesukumwa kifuani, mlangoni pa nyumba yake ya Kinole, mbele ya jamaa wote. Alitaka kusema, sikutania. Lakini siku tisa alikuwa amemtukana mama huyu kwa raha, amemwambia atamuuza Tabora kwa kilo mbili za asali, amemwambia atamfungia kwenye gunia. Sasa angemshikia wapi amwambie hili moja ni la kweli? Na kununa ni marufuku. Kwa hiyo akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Umenishinda, mtani," alisema.

"Nimekushinda kitambo. Haya, sema, unachukua ipi?"

Kibwana alizitazama zile mbili. D90 ilikuwa mapajani kwa Editha.

"Hii ndogo."

Editha alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo. Alijaribu kuificha kwa kusema haraka, "Nilijua! Mpya mpya, nyepesi. Umechagua vizuri, itakufaa." Na mkono wake ukaizunguka ile nzito kwa nguvu, ukaivuta tumboni.

Kibwana alilipa. Editha akaifunga ile ndogo kwenye boksi lake, na waya zake, na kijitabu ambacho hakikuwahi kufunguliwa, akamsindikiza hadi mwisho wa ua.

"Karibu tena, mtani," alisema.

"Ahsante, mtani."

Karibu tena ni maneno ambayo kila mwenyeji wa nchi hii humwambia kila mgeni, hata fundi wa bomba. Kibwana aliyageuza njia nzima hadi mjini, akiyapima, akitafuta kama ndani yake mlikuwa na zaidi. Wala sijui kama Editha alipocheka alicheka kwa kutoelewa au kwa kuelewa. Hakuna aliyejua ila yeye.

Kesho yake Kibwana aliswali Alasiri msikitini, akarudi chumbani, akakaa kitandani na kamera yake. Alipiga ukuta mweupe, akakuza picha, akatafuta doa. Hakuona. Alifungua na kufunga kijilango cha kadi mara ishirini kuona kama kitalegea. Alijaribu flashi, vitufe vyote, kila gurudumu. Aliitikisa karibu na sikio asikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Alitoa betri, akairudisha, akapiga tena ule ukuta, picha sitini, sabini, akizipitia moja baada ya nyingine kwa subira, maana kungepatikana hata kasoro moja ndogo, ya uongo na kweli, angekuwa na sababu ya kwenda Mazimbu.

Kamera ilikuwa nzima.